Kutoa Hewa katika Njia ya Mafuta ya Injini ya Dizeli

Injini ya dizeli iliyo nzima, yenye betri ya nguvu na mafuta ya kutosha tangini, yaweza kugoma kwa sababu ya kipovu cha hewa kisichozidi punje ya mtama. Na mwenye nayo, kwa kuwa hajui lililotukia, hupiga stata mpaka betri ikafa, kisha huita watu wa kusukuma, kisha humwita fundi, na fundi akifika hulegeza skrubu mbili, akapiga pampu ya mkono kwa dakika chache, akakaza, na injini ikanguruma kana kwamba haikuugua. Ujira hutolewa kwa nusu furaha na nusu majuto. Maarifa yaliyouzwa hapo si ya siri, wala hayahitaji karakana. Yahitaji spana mbili tatu, matambara safi, mikono isiyo na pupa, na kufuata taratibu kama ilivyo. Makusudi ya makala haya ni kumpa msomaji maarifa hayo pamoja na nyongeza moja ambayo fundi mwenye haraka aghalabu haitoi: kwamba kutoa hewa ni nusu ya kazi, na nusu ya pili, ambayo ndiyo ngumu, ni kujua hewa hiyo ilipita wapi hata ikaingia.

Yafaa kwanza kufahamu kwa nini kitu kidogo namna hiyo kina uwezo wa kusimamisha chuma kizito. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Pistoni hupanda ikaibana hewa iliyomo silindani hata ikapata joto linalozidi digrii 500, na hapo ndipo nozeli huyarusha mafuta kwa umbo la ukungu, yakawaka yenyewe kwa joto hilo. Ndani ya nozeli mna sindano iliyokandamizwa na springi, nayo haiinuki ila ikilazimishwa na shinikizo ambalo katika injini nyingi za zamani ni kiasi cha mara 120 hadi 250 ya shinikizo la hewa tunayoivuta puani. Dizeli karibu haibaniki, na kwa ajili hiyo pampu ya nozeli ikisukuma mwanzo wa bomba, mwisho wa bomba huhisi wakati ule ule. Hewa, kinyume chake, hubanika kwa wepesi: pampu ikisukuma, povu hujikunja; pampu ikilegea, povu hujikunjua; sindano haitikisiki, silinda haipati hata tone, na jitihada yote ya pampu huishia katika kukunja na kukunjua.

Ajabu ni kwamba hapo mwanzo hewa ndiyo iliyokuwa hamali wa mafuta. Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye hati yake ya uvumbuzi ni ya mwaka 1892 na ambaye injini yake ilifaulu mjini Augsburg mwaka 1897, aliyapeleka mafuta silindani kwa kuyapuliza kwa hewa iliyobanwa na kompresa. Na kwa kuwa kompresa hiyo ilikuwa kubwa na nzito, injini zake zilifaa viwandani na melini tu. Pampu ndogo zenye kusukuma mafuta peke yake zilipoanza kutengenezwa kwa wingi na kampuni ya Robert Bosch mwaka 1927, dizeli ikapata kuenea katika malori na matrekta, na tangu hapo hewa haina ruhusa ya kuwamo ndani ya mabomba hayo.

Mfano nitakaoufuata ni trekta la Massey Ferguson 135, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1964 hadi 1975, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu na pampu ya nozeli ya CAV ya namna ya kuzunguka. Nimelichagua kwa kuwa bado lalima katika mashamba ya Afrika Mashariki, na kwa kuwa aliyejua kulitoa hewa hilo hatapotea akikutana na Perkins nyingine iliyofungwa katika lori au mashua. Njia ya mafuta yake ni hii: kutoka tangini, ambalo limekaa juu ya injini, hushuka kwa bomba mpaka pampu ya kuvutia, iliyo ubavuni mwa injini, nayo huyasukuma katika filta, na kutoka filta yakaingia katika pampu ya nozeli, ambayo huyagawa kwa zamu katika mabomba matatu membamba ya chuma, kila bomba na nozeli yake. Mafuta yanayosalia hurudi kwa bomba la marejeo. Ikariri njia hii moyoni kabla ya kushika spana, maana kutoa hewa si lolote ila ni kuyasindikiza mafuta katika njia hiyo, kituo baada ya kituo, kutoka tangini kuelekea nozeli, na wala si kinyume; aanzaye na nozeli huku filta imejaa hewa atalegeza na kukaza mpaka magharibi.

Lakini hakikisha kwanza kwamba ugonjwa ni hewa. Yamkini ni hewa ikiwa mafuta yalikwisha tangini ukajaza mengine, au filta imebadilishwa, au bomba limefunguliwa kwa ajili ya matengenezo, au mashine imekaa kwa miezi bila kuwashwa. Dalili yake ni kwamba injini huwaka sekunde mbili tatu ikazima, au mwendo wake hupanda na kushuka bila mtu kugusa mkono wa mafuta, au hukosa nguvu mara inapopewa kazi. Mwambie mwenzako apige stata nawe ulitazame bomba la moshi. Ikiwa halitoi moshi wowote, mafuta hayafiki silindani, na msako wako ni wa haki. Ikiwa latoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, mafuta yafika ila hayawaki, na hapo tatizo liko kwingine: betri dhaifu inayoizungusha injini polepole, au silinda zisizobana sawasawa, au pampu iliyofungwa nje ya wakati wake. Kutoa hewa mahali pasipo hewa ni kupoteza mafuta na saa.

Tazama pia mambo madogo ambayo watu wazima wenye akili zao huyasahau. Je, koki ya tangi iko wazi? Je, kivuta cha kuzimia injini kimerudishwa ndani? Kivuta hicho kikiwa nje, pampu ya nozeli imefungwa mlango wake, nawe waweza kupiga stata hata kesho. Je, kitundu cha hewa cha kifuniko cha tangi kimezibwa na vumbi au tope? Fungua kifuniko usikilize. Ukisikia tangi likivuta pumzi, mafuta yalikuwa yakizuiwa yasishuke, kwa kuwa hewa haikupata nafasi ya kuingia nyuma yake.

Ukisha kuridhika, anza kwa usafi. Pampu ya nozeli na nozeli zenyewe zimechongwa kwa wembamba usioonekana kwa jicho, na chembe moja ya mchanga huzikwaruza kuliko miaka ya kazi. Basi futa kila nati na kila skrubu utakayoifungua, na mahali palipo karibu yake, kwa tambara lisilotoa nyuzi, kabla hujailegeza. Jaza tangi kwa wingi, kwa kuwa mafuta mengi yana uzito wa kujisukuma na machache hayana. Kisha mwaga maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini, katika sakafu ya tangi na katika kitako cha filta, na humo humea uchafu wenye utelezi unaoziba filta. Legeza plagi ya chini ya filta, kinga kwa kikopo cheupe, na uendelee mpaka mafuta yawe safi yenye rangi moja. Wanaonunua dizeli kwa mapipa wajue ya kuwa pipa lililosimamishwa wima uani hukusanya maji ya mvua juu ya uso wake, na usiku, likipoa, huyavuta ndani kupitia kizibo. Pipa lilazwe, au liinamishwe hata maji yasiweze kufikia kizibo, na mafuta ya sehemu ya chini kabisa yasichotwe. Wala usiyavute mafuta kwa mdomo kwa mpira kama wafanyavyo wengi: dizeli ikiteleza ikaingia mapafuni huleta maradhi mabaya.

Sasa filta. Juu ya kichwa chake pana skrubu ndogo ya kutolea hewa. Ilegeze mizunguko miwili, usiitoe yote, maana ikianguka katika majani utaitafuta kwa machozi. Shika mkono mdogo wa pampu ya kuvutia uupige juu na chini. Hapa wengi hukata tamaa mapema, kwa sababu mkono huo mara nyingine hutikisika tu kwa ulegevu bila kusukuma kitu, nao husema pampu imekufa. Haikufa. Pampu hiyo huendeshwa na kamu ya injini, na injini ikiwa imesimama mahali ambapo kamu imekwisha kuiinua, mkono hauna nafasi ya kufanya kazi. Zungusha injini mzunguko mmoja, ujaribu tena, nawe utauona ukileta upinzani mwema mkononi. Piga bila kuchoka. Kwanza hutoka hewa tupu kwa mlio wa kufoka, kisha povu jeupe, kisha mafuta yenye vipovu vinavyong'aa, kisha mafuta matupu yaliyotulia. Usikaze kwa kuyaona mafuta mara ya kwanza. Ngoja mpaka vipovu vimalizike kabisa, piga mara nyingine kumi, ndipo ukaze huku mafuta yangali yakitoka, hewa isipate nafasi ya kurudi.

Kutoka filta nenda kwa pampu ya nozeli. Pampu ya CAV ya namna hii ina skrubu mbili za kutolea hewa: moja ubavuni, katikati ya ile boliti inayofunga kichwa cha pampu, na nyingine juu, katika kifuniko cha gavana. Hapa lazima niseme kwa mkazo: iliyo ubavuni ni skrubu ndogo iliyomo ndani ya boliti kubwa, nawe ulegeze ile ndogo peke yake, boliti kubwa ina kazi nyingine, na mtu asiyejua akiigusa hujitafutia hasara. Legeza zote mbili, piga pampu ya mkono, subiri mafuta yasiyo na povu, kisha kaza ya ubavuni kwanza na ya juu baadaye, kwa kuwa hewa hupanda na ya juu ndiyo mlango wake wa mwisho. Kaza kwa adabu. Nyuzi za skrubu hizi ni dhaifu, nazo zimeharibiwa na nguvu za vijana kuliko zilivyoharibiwa na uzee. Baada ya hapo, legeza nati ya bomba linaloingiza mafuta katika pampu hiyo, upige tena mpaka povu lipotee, ukaze. Taratibu hii haikuwekwa kwa urembo: pampu ya namna hii hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na kuizungusha kavu kwa muda mrefu kwa stata, kabla hujaijaza kwa mkono, ni kuisaga.

Kituo cha mwisho ni nozeli, na kabla ya kukifikia nataka msomaji aweke spana chini anisikilize. Mafuta yanayotoka katika tundu la nozeli, au katika ufa wa bomba lake, yana nguvu ya kupenya ngozi kama sindano ya daktari, na jeraha lake kwanza huonekana dogo, doa tu lisilo na damu nyingi, ilhali ndani dizeli inaenea katika nyama na kuiua. Watu wamekatwa vidole na mikono kwa sababu ya doa hilo. Usizibe mafuta ya nozeli kwa kidole, usilitafute tundu la bomba kwa kiganja. Tumia kipande cha kadibodi, na uvae miwani. Ajali ikitokea, nenda hospitali saa ile ile, na umweleze daktari kwa maneno ya wazi kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa shinikizo, asije akakufunga bendeji akakurudisha nyumbani.

Kwa trekta letu, legeza nati za mabomba mawili upande wa nozeli, nusu mzunguko tu, uzifunike kwa tambara. Weka mkono wa mafuta mpaka mwisho, hakikisha kivuta cha kuzimia kiko ndani, gia iko huru na breki imeshika. Kazi hii ni ya watu wawili, mmoja kwenye kiti na mmoja kwenye injini, na mazungumzo yao yawe mafupi. "Piga, mwanangu!" husema mzee aliyeshika spana. "Yametoka, baba?" "Bado, yaja na povu. Pumzika kwanza." Kupumzika huko si kwa ajili ya kijana bali kwa ajili ya stata, ambayo haipasi kupigwa zaidi ya sekunde 15 hivi kwa mara moja, na kati ya mara na mara iachwe dakika nzima ipoe. Mafuta hayatoki hapa kwa mfululizo kama kwenye filta. Huruka kwa mapigo, moja moja, na pigo likiwa safi lisilo na povu, kaza nati hizo. Mara nyingi injini hushika kwa silinda ile moja iliyobaki kabla hujamaliza, ikatetemeka na kupiga makofi, kisha ya pili ikaitika, kisha ya tatu, na mngurumo ukawa mmoja.

Mashine za kusaga za zamani zina njia fupi kuliko hiyo. Injini ya Lister ya silinda moja, kama ile ya nguvu za farasi 6 yenye kuzunguka mara 650 kwa dakika, iliyotoka Dursley huko Uingereza na ambayo nakala zake zilitengenezwa kwa wingi Rajkot nchini India, hupata mafuta yake kwa mteremko kutoka tangi lililo juu, bila pampu ya kuvutia. Toa hewa kwenye filta, kisha kwenye skrubu ya pampu, mafuta yakishuka yenyewe. Halafu inua kiwiko cha pampu kwa mkono mara kadhaa huku umetega sikio kwenye nozeli. Ikiwa na hewa, hukaa kimya. Ikipokea mafuta, hutoa mlio mkavu wa kukwaruza, kama bawaba ya mlango wa zamani, na mkono wako huhisi kiwiko kikigonga kitu kigumu. Usipige hendeli kabla hujausikia mlio huo.

Sasa nirudi kwenye swali nililoliahirisha: hewa iliingia wapi? Tangi la trekta liko juu ya injini, na kwa hiyo likivuja, mafuta hutoka nje, nawe hupaona mahali palipolowa. Lakini katika lori, na zaidi katika mashua, tangi liko chini ya pampu ya kuvutia, na bomba linalotoka tangini mpaka pampuni halisukumwi bali lanyonywa. Sehemu hiyo ikiwa na tundu, mafuta hayatoki, hewa huingia. Bomba ni kavu, vumbi lake limekaa juu yake kama kawaida, fundi hupita hapo mara tatu bila kushuku kitu, ilhali hapo ndipo mlango ulipo. Baada ya pampu ya kuvutia mambo hugeuka, mafuta husukumwa, na kila ufa hujitangaza kwa kulowa. Elewa tofauti hii ya pande mbili, nawe utakuwa umepita mafundi wengi: mahali palipolowa hukuonyesha unapopoteza mafuta, na aghalabu mahali pakavu ndipo unapopata hewa.

Katika upande huo wa kunyonya, wa kwanza kushukiwa ni mpira ulio karibu na tangi, ambao ukizeeka hupata nyufa nyembamba zinazoonekana ukiukunja tu. Wa pili ni klipu zake. Wa tatu ni washa za shaba za viungo, ambazo zikitumika mara nyingi huwa ngumu na hazizibi tena. Washa mpya ni senti chache, lakini aliye mbali na duka aweza kuipasha ya zamani motoni mpaka iwe nyekundu, akaitumbukiza majini, ikawa laini tena. Chunguza na filta yenyewe. Filta za CAV zina mipira ya kuzibia juu na chini, na katika kubadilisha, mpira wa zamani hubaki umeganda katika kichwa cha filta bila kuonekana, na mpya huwekwa juu yake; mipira miwili mahali pa mmoja haizibi hata ungekaza kwa nguvu za wanaume saba. Pitisha kidole ndani ya mfereji wake uhakikishe kuwa umetoka.

Ukishindwa kupaona mahali, yalazimishe mabomba yaseme. Ning'iniza dumu safi la dizeli juu ya injini, uliunganishe kwa mpira mzima moja kwa moja kwenye pampu ya kuvutia, toa hewa, kisha iache injini ifanye kazi. Ikienda vizuri kutwa nzima, ugonjwa uko kati ya tangi na pampu, na sehemu nyingine zote hazina hatia. Ama funga kipande kifupi cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, mbele ya pampu, uangalie kwa tochi: vipovu vikipita mfululizo, sogeza kipande hicho nyuma kiungo kimoja, tena kimoja, mpaka ufike mahali ambapo mafuta hupita safi, mlango wa hewa uko kati ya pale na ulipotoka. Kipande hicho ni cha uchunguzi tu. Kitoe ukimaliza, kwani joto na dizeli hukiharibu.

Wenye mashua wana adha zao. Tangi lililo nusu, bahari ikichafuka wakati wa kusi, huyapeleka mafuta huku na huku hata mdomo wa bomba ukabaki wazi kwa nukta moja, na nukta moja yatosha; tena msukosuko huo huinua tope lililolala chini miezi mingi ukalipeleka kwenye filta. Kwa hiyo nahodha mwenye busara hujaza tangi kabla ya safari ya bahari kubwa, hata kama njia ni fupi. Na ikiwa injini yake hutoa moshi pamoja na maji ya bahari kwa bomba moja, afunge valvu ya kuingizia maji anapopiga stata kwa muda mrefu, aifungue mara tu injini inapowaka. Vinginevyo maji yatajaa katika bomba la moshi, kwa kuwa hakuna moshi wa kuyasukuma nje, yakarudi silindani, na maji hayabaniki, na kitakachopinda ni chuma.

Kuna mtindo wa kumwagia petroli kidogo katika njia ya hewa, au kupuliza dawa ya kuwashia, ili kuilazimisha injini. Siusifu hata kidogo. Katika injini yenye plagi za kupasha joto, dawa hiyo huweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pete za pistoni; na hata isipovunja, haitoi hewa iliyomo, bali huifanya injini ipige kelele kwa pumzi mbili tatu na kuwadanganya waliosimama.

Kwa magari ya sasa, kama Toyota zenye maandishi ya D-4D, sahau yote niliyosema kuhusu kulegeza nati za nozeli. Mafuta ya injini hizo hukusanywa katika bomba moja nene kwa shinikizo linaloweza kupita mara 1,600 ya lile la hewa, na kulegeza nati yake injini ikiwaka ni kuitafuta ajali kwa makusudi. Ruhusa yako huishia kwenye filta: juu yake pana kitufe cha pampu ya mkono; kibonyeze mpaka kiwe kigumu kisichobonyea, kisha piga stata. Gari likikataa bado, mpelekee fundi mwenye chombo cha kuisomea kompyuta yake.

Injini ikisha kuwaka, usiizime kwa furaha. Iache ifanye kazi robo saa kwa mwendo wa kati, kisha ipe mzigo, lima mstari mmoja au saga gunia moja, na wakati huo pitia kila nati na skrubu uliyoigusa, ukiifuta na kuitazama kama inalowa tena. Jioni izime uiache mpaka asubuhi. Ikiwaka kwa stata ya kwanza na kuendelea bila kusita, kazi imekwisha. Ikisitasita, au ikiwaka na kuzima kama ilivyokuwa, basi, katika mashine ambayo tangi lake liko chini ya pampu, usiku mafuta yamerudi tangini na hewa imeshika nafasi yake. Usianze tena na skrubu za filta na za pampu, maana utazifungua kila asubuhi mpaka nyuzi zake ziishe, bali chukua tochi ukaanze na mpira ule wa kwanza unaotoka tangini, na klipu zake.